Kizuizi cha Tangazo la Tatu

Ninyi vijana mliopokea vigango vyetu mmeniomba niandike habari za miaka yangu ya ukatekista, kwa kuwa sasa nimepumzika, na watu wanaamini kwamba aliyepumzika ana nafasi. Mimi nina shamba la mihogo. Lakini mvua imenyesha asubuhi yote na jembe limelala, basi nitaandika.

Nilizaliwa Mvara, pembeni mwa mji wa Arua, ambako Waanglikana walikuwa wengi na kengele yao ilisikika mbali kuliko yetu. Mtoto Mkatoliki aliyekulia huko huzoea mapema kuwa mmoja kati ya wachache. Nadhani ndiyo sababu mwanzoni mwa mwaka 1979 nilipelekwa upande wa Koboko. Huko jirani yangu wa kulia alikuwa Mwislamu, wa kushoto Mwislamu, na wote wawili walinikaribisha vizuri kwa sababu nilikuja na baiskeli yenye pampu.

Padri wa parokia alikuwa Mwitaliano mrefu tuliyemwita Padri Lino. Alinishusha kwenye kigango chetu, kanisa dogo la kijiji cha Dranya, pamoja na baiskeli hiyo, boksi la bati na blanketi. Akaniambia kwamba atarudi mwezi ujao kusoma Misa, na kwamba hadi siku hiyo Jumapili zote ni zangu. Kisha akawasha gari. Hayo ndiyo mafunzo niliyopata kwa padri.

Mafunzo mengine nilipewa na Mzee Yohana Candia, katekista aliyenitangulia, ambaye macho yalikuwa yamemchoka. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inia kwenye nguzo, na alinionyesha namna ya kuigonga. Mara ya kwanza polepole, ili watu waoge. Mara ya pili haraka, ili watoke nyumbani. Mara ya tatu usigonge, anza wimbo, maana asiyesikia mara mbili hatasikia tatu. Alinionya pia kwamba mahubiri yasishindane na maharage. Kila mama ameacha chungu jikoni, na chungu kikiungua lawama itaenda kwa Injili. Kuhusu matangazo, alisema niyaweke mwisho kabisa. Wengi wanayafuata hayo, na nikiyasoma mwanzoni nitabaki na Mungu peke yangu.

Jambo la lugha nalieleza mara moja. Mimi ni Mlugbara, waamini wangu wengi walikuwa Wakakwa, na Padri alitoka alikotoka. Tulikutana katika Kiswahili, kile cha kambini na sokoni. Maneno yao nitayaacha kama walivyoyasema.

Ndoa ya kwanza niliyoiandaa ilikuwa ya Margareta Poni na Simoni Duku, dereva wa lori la jeshi. Walikuwa tayari na binti mdogo, Roza, ambaye alilia wakati wa viapo hata Padri akalazimika kurudia maneno. Basi hao walifungishwa ndoa wakasikika vizuri na kila mtu. Nalitaja jambo hilo kwa sababu baadaye tulitamani sana kwamba kungekuwa na mashaka.

Mwaka uleule serikali ilianguka. Lori la Duku lilikuwa limepelekwa kusini, na halikurudi. Wanajeshi wengine walipita Koboko wakielekea Sudani, wengine bila viatu, na raia wakaona si vema kubaki kungoja waliokuwa wakiwafuata. Sisi wa Dranya tulivuka kwenda Zaire. Margareta alivuka na mama yake mzee, Roza akiwa mgongoni. Nami nilifunga boksi la bati kwenye baiskeli, nikamshika Mzee Yohana mkono.

Tulikaa huko miaka. Jumapili tuliendelea nayo kama kawaida, kwa sababu hatukujua la kufanya na siku hiyo vinginevyo. Rimu tuliiacha, kwa hiyo niligonga sufuria, na mara kadhaa watu walikuja na sahani. Padri tulimwona kwa nadra. Mimi nilisoma masomo, nikabatiza watoto waliokuwa katika hatari ya kufa, nikazika. Mzee Yohana nilimzika huko. Hadi wiki yake ya mwisho alikuwa akiniambia kwamba ninaimba juu mno.

Katika kambi ya wakimbizi Margareta alipata msaada wa Kenyi, mfyatua matofali, mwanamume aliyefiwa na mke, asiye na mtoto. Kipindupindu kilipoingia mama yake Margareta alikufa, na watu waliogopa kugusa maiti. Kenyi alichimba kaburi, akambeba yule mama peke yake. Roza alipougua, Kenyi alimbeba mgongoni hadi kwenye zahanati, na ilikuwa mbali. Baada ya hapo hakuna aliyeshangaa walipoanza kuishi nyumba moja. Wala mimi sikuwauliza kitu. Walikuja kwenye sala, wakakaa nyuma, wakazaa mtoto, na baadaye mwingine.

Tuliporudi Dranya, miaka ya themanini ikielekea kwisha, kigango kilikuwa na kuta tatu. Rimu ilikuwepo bado, pengine kwa sababu hakuna aliyebaki na lori. Watu walipomaliza kujenga nyumba zao walianza kukumbuka sakramenti zao. Margareta na Kenyi walikuja kwangu wakasema wanataka ndoa. Margareta alikuwa hajapokea komunyo tangu aanze kuishi na Kenyi, na alitaka kupokea tena.

Hapa wenzangu wapya msikilize vizuri. Mjane anaolewa. Lakini lazima kwanza awe mjane. Padri Lino, ambaye ndiye aliyefungisha ile ndoa ya kwanza, alituma maulizo kwenye parokia za ng'ambo huko Sudani. Alingoja muda mrefu. Hatimaye mfanyabiashara mmoja aliapa mbele yake kwamba ameliona kaburi la Simoni Duku karibu na Yei. Baadaye sana ikaja kujulikana kwamba kaburi lilikuwepo kweli, na msalaba uliandikwa hivyo kweli, ila aliyelala humo alikuwa Simoni Duku mwingine. Kwa Wakakwa jina hilo si adimu.

Wakati ule tuliamini kile kiapo, basi matangazo ya ndoa yakaanza. Mnajua utaratibu: majina yanasomwa Jumapili tatu, na anayejua kizuizi anatakiwa kukisema. Jumapili ya kwanza na ya pili hakuna aliyesema. Ya tatu niliongoza ibada mwenyewe, Padri akiwa Lobule. Nikasoma majina, nikauliza kama kuna mwenye kujua kizuizi, na nilikuwa nimeshageuza karatasi ili niwaeleze akina mama habari za kukata nyasi za paa, nikaona mkono umeinuliwa nyuma kabisa, kama wa mwanafunzi.

Alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye shati safi na miguu iliyovimba. Nilimwambia aseme.

"Mwalimu, kizuizi iko," alisema.

"Kizuizi gani?"

"Ni mimi. Mimi bwana yake."

Nilimtazama hadi nikamtambua. Kitabu cha mwongozo hakikuwa na maneno ya kufuatia. Nikasema kwamba tangazo limesikika na kizuizi kimesikika, kisha nikawaeleza akina mama habari za nyasi. Hakuna aliyenisikiliza, na paa la mwaka huo lilichelewa. Margareta alikuwa amekaa mbele, upande wa wanawake. Hakugeuka kumtazama yule mtu. Sauti ilimtosha.

Baada ya ibada walikutana mlangoni. Duku alieleza kwamba huko Sudani aliambiwa watu wote wa Dranya waliovuka walikufa kwa kipindupindu. Aliamini, akafanya kazi ya udereva, akaugua moyo. Vita vya huko vilipomfukuza alirudi ili afe karibu na makaburi ya wazee wake. Jana yake alikuwa amefika Koboko, na sokoni akaambiwa kwamba kesho mke wake atasomwa kanisani. Hakuja kugombana. Alisema tu kwamba Mwalimu aliuliza, naye alikuwa na jibu.

Kenyi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha aliingia ndani ya kanisa, akatoka na kiti changu, akamwekea, kwa sababu ile miguu haikuwa ya kusimama.

Padri Lino alikuja wiki hiyohiyo, akakaa nao watatu, nami nikiwa mkalimani wa yale ambayo Kiswahili chake hakikuweza. Alisema ndoa ya kwanza ipo. Alisema anasikitika, na nilimwamini, maana alikuwa akiisugua miwani ambayo haikuwa chafu. Margareta anaweza kurudi kwa Duku. Au anaweza kuishi peke yake. Akibaki na Kenyi kama mke, komunyo hakuna.

Margareta alimtazama mmoja, kisha mwingine. Alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla ya mambo hayo.

"Padri, huyu alizika mama yangu," alisema, akimwonyesha Kenyi. "Siwezi kumwacha. Na huyu ni baba ya mutoto yangu, iko mugonjwa, hana mutu. Siwezi kumufukuza. Komunyo nitangoja."

"Utangoja nini, Margareta?" Padri aliuliza.

Jibu tulilijua sote, na Duku mwenyewe akainamisha kichwa kwa adabu.

Padri alijaribu njia nyingine. Alieleza kwamba Kanisa linaruhusu mwanamume na mwanamke kukaa nyumba moja kama kaka na dada, na hapo Margareta angeweza kupokea. Kenyi alifikiri. Akauliza ni nani atakuja kukagua. Padri alisema hakuna, ni ahadi kwa Mungu. Kenyi akasema kwamba ingekuwa kwa Padri tu angejaribu, lakini yeye hawezi kumdanganya Mungu, na tena Margareta alikuwa mjamzito. Padri alifunga boksi lake la vyombo vya Misa.

Kenyi alifyatua matofali, akamjengea Duku nyumba ndogo ndani ya boma lake, upande wa jua la asubuhi, kwa ajili ya ile miguu. Roza, ambaye alikuwa msichana mkubwa sasa, alimpelekea chakula. Aliwaita wote wawili baba, na ilikuwa juu yao kujua nani ameitwa. Mara nyingi waliitika pamoja.

Kijijini watu walikuwa na maoni. Majirani zangu Waislamu walisema kwamba upande wao jambo hili lingemalizika upesi. Nikawaambia najua. Wakanipa pole. Upande wetu kulikuwa na mama mmoja, mwenye nia njema sana, ambaye katika sala za waamini aliwaombea wote wanaozuia wenzao kupata sakramenti, Bwana awaite mapema katika raha yake. Duku aliitikia pamoja na wengine. Watu wakaanza kumwuliza hali yake njiani, kwa bidii ambayo hawakuwa nayo kwa wagonjwa wengine.

"Habari ya moyo, Duku?"

"Mutanisamehe," alijibu. "Bado iko."

Jumapili walikuja wote watatu pamoja na watoto. Siku ambazo Padri alisoma Misa, Duku alienda mbele kupokea. Alikuwa ameungama, hakuwa na mwanamke mwingine, ndoa yake ilikuwa safi, na kwa sheria zote alikuwa na haki. Margareta alibaki kwenye benchi la mwisho na Kenyi. Mimi nilifuatana na Padri nikishika kile kisahani chini ya videvu vya watu, na kutoka pale nilimwona Margareta. Hakuinamisha uso. Alimtazama kila aliyepokea, kama mpishi anayeangalia kama watu wanakula.

Pengine ni kwa sababu ndiye aliyewafundisha. Alikuwa amejitolea kuwaandaa wasichana wa komunyo ya kwanza, na Padri hakukataza. Aliwafundisha kutembea bila kusukumana, kufunga macho, kufungua mdomo kiasi cha kutosha lakini si kama mbele ya mng'oa meno. Alifua pia vitambaa vya altare, na sijapata kuona tena vitambaa vyeupe kama vile katika parokia yenye vumbi jekundu.

Baada ya mwaka hivi, Duku aliacha kwenda mbele. Jumapili ya kwanza nilidhani ni miguu. Ya pili Padri alipeleka hostia hadi kwenye benchi lao, na Duku akatikisa kichwa. Baada ya Misa Padri alinituma nimwite, nikawepo walipoongea nyuma ya sakristia. Padri alimwuliza kama ana dhambi ya kuungama.

"Padri, mimi ndiyo nilipotea," Duku alisema. "Yeye alilisha mutoto. Sasa mimi ninakula, yeye anaangalia. Hii chakula inanikwama kwa shingo."

Padri alimweleza, kwa upole, kwamba kukaa kwake bila komunyo hakumsaidii Margareta hata kidogo.

"Najua haimusaidii," alisema Duku. "Inanisaidia mimi."

Padri Lino alikuwa amesoma miaka mingi, na alikuwa na jibu kwa mambo mengi. Siku ile aliniomba nimletee maji ya kunywa. Basi kuanzia hapo benchi la mwisho lote halikwenda mbele, na tukazoea. Mgeni akiuliza, tulimwambia ni benchi la mlangoni, lina upepo.

Ilikwenda hivyo hadi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Duku alidhoofika wakati wa palizi. Siku moja adhuhuri Kenyi alikuja kwangu mbio, akachukua baiskeli yangu bila kuniuliza, akaenda Koboko mjini kumwita Padri. Walirudi pamoja kwa gari, baiskeli ikiwa nyuma.

Duku alikuwa amelala kwenye mkeka nje ya nyumba yake, mahali penye upepo, kichwa chake mapajani pa Roza. Padri alimwungamisha, sisi tukasogea mbali. Kisha alimpaka mafuta kwenye paji la uso na mikononi. Kisha akafungua chombo kidogo cha komunyo na kuinua hostia, na Duku akafunga mdomo.

Padri alingoja. Alisema kwamba hiki ndicho chakula cha safari, haifai kukikataa. Duku aligeuza macho kumtafuta Margareta, aliyekuwa amesimama na bakuli la maji. Margareta aliweka bakuli chini, akapiga magoti karibu naye.

"Kula, Baba Roza," alimwambia. "Usiningoje. Mimi nitakula nyuma yako."

Duku alimwangalia. Halafu alianza kucheka, kwa pumzi kidogo aliyokuwa nayo, kwa sababu alielewa hesabu ya maneno yale. Margareta naye akacheka, akiwa na machozi. Kenyi, aliyekuwa ameshikilia mlango wa gari kana kwamba lingekimbia, alicheka pia. Padri Lino hakucheka, lakini hostia ilikaribia kumponyoka, nikaweka kisahani chini yake haraka. Duku akafungua mdomo, akapokea. Akafa kesho yake mchana.

Kwenye matanga kulikuwa na swali la nani akae mahali pa mjane. Margareta alikaa, kwa kuwa alikuwa mke wake. Kenyi alichimba kaburi pamoja na vijana, akanawa, kisha akaja akakaa chini kando ya Margareta, akapokea pole za watu. Wazee walinong'ona kidogo. Halafu mmoja wao akaona kwamba hakuna desturi inayosema anayepaswa kukaa pale katika hali kama hiyo, maana hali kama hiyo haijapata kutokea, na wakaendelea kula.

Margareta alimaliza msiba wake kwa ukamilifu. Hakuharakisha hata siku moja, ingawa mama yule mwenye nia njema alianza kuuliza mapema. Ndipo nikasoma matangazo upya, Jumapili tatu. Ya tatu nilipouliza habari ya kizuizi, kanisa zima liligeuka kutazama mlango. Hakukuwa na mtu ila mbuzi wa jirani.

Ndoa ilifungwa Jumamosi. Roza alisimama kuwa shahidi wao, na wadogo zake walibeba maua. Wakati wa komunyo Margareta alikwenda mbele na Kenyi. Wasichana aliowafundisha walisimama kwenye mabenchi ili waone kama atafanya kama alivyowaambia. Alitembea bila kusukuma mtu. Alifunga macho. Kisahani kilikuwa mkononi mwangu, na sikumbuki kama kilikuwa mahali pake. Tulikula nyama na ugali wa mihogo mpaka jioni. Padri alicheza ngoma, jambo ambalo kwa urefu wake halikupendeza, lakini watu walimpigia makofi.

Jumapili ya wiki iliyofuata Padri alikuja tena, akasoma Misa. Wakati wa komunyo Kenyi alikuja mbele. Margareta hakuja. Alikuwa amekaa palepale kwenye benchi la mwisho, mikono mapajani.

Niseme kweli, nilifikiri kuna Duku mwingine tena. Baada ya Misa nilimfuata kisimani, nikamwuliza kama kuna tatizo katika ndoa, kama kuna jambo ambalo Padri hakulijua.

"Hapana, Mwalimu," alisema, akiinua mtungi. "Jana niligombana na huyu mama wa sala. Nilimutukana vibaya sana, mbele ya watu. Lazima niende kwake kwanza."

Nikasema ni vema, kwamba ndivyo Injili inavyosema.

"Sasa iko sawa," alisema. Alitengeneza kata kichwani, akaweka mtungi juu yake, na uso wake ulikuwa na furaha kuliko siku ya arusi. "Sasa mimi ninakaa nyuma kama watu wengine wote, kwa makosa yangu tu."

Akaenda moja kwa moja kwa yule mama. Jumapili ya baadaye walikuja mbele pamoja, wakifuatana, na yule mama alikuwa akisukuma.